Runx Z ya 2ZZ hapa Mwanza: injini tamu, ila oili usiichezee

Wadau wengi wanaulizia Toyota Runx Z, ile ya manyo yenye injini ya 2ZZ-GE, wameshasikia ina farasi 190 basi mate yanawatoka. Mimi ndo naisukuma kila siku Buhongwa mpaka mjini kati, kwa hiyo niseme nilivyoiona.

Kwanza usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Runx nyingi mnazoziona huku ni za cc 1,500, zile za 1NZ, na zipo ambazo mtu kabandika tu herufi Z nyuma. Fungua boneti usome kava la injini, lazima paandikwe VVTL-i, hiyo L (lift, yani vali kunyanyuliwa zaidi) ndo unayoilipia, halafu chasisi iwe ya ZZE123. Injini yenyewe Toyota walisaidiana na Yamaha kuitengeneza, ikaanza kutoka 1999, na ndo hiyo hiyo Lotus waliifunga kwenye Elise. Cc zake 1,795, yani kwa ukubwa imepishana cc moja tu na 1ZZ ya Premio na Allion, ila ndani ni vitu viwili tofauti: 1ZZ ina silinda nyembamba na pistoni inasafiri mbali, mm 79 kwa 91.5, hii ni 82 kwa 85, pistoni inatembea kifupi ndo maana inavumilia kuzungushwa kasi.

Sasa wengi wanadanganyika hapa. Hizo farasi 190 zinapatikana mshale wa mizunguko ya injini (rpm) ukiwa 7,600, na mvuto wake wote, Nm 180, unakuja kwenye 6,800. Nani anaendesha hivyo Mkuyuni saa kumi na moja jioni? Chini ya 6,000 ni gari ya kawaida tu, tena ukipanda Bugando mko watano na AC inapuliza, Allion ya 1ZZ inakuacha na raha zake maana yenyewe mvuto wake unakuja mapema, kwenye 4,200 hivi. Na tukumbuke ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu, kwa hiyo hata hizo 190 huku kwetu hazifiki.

Lakini ikivuka 6,000 na ushee, aisee. Mlio unageuka ghafla na gari inachomoka kama imechomwa na nyigu, inaenda hivyo hivyo mpaka karibu 8,000, hujawahi kuiona hiyo kitu kwenye Toyota ya kubebea familia. Kinachotokea ni kwamba kemshafti zake, zile shafti za kufungulia vali, zina meno ya aina mbili, meno mafupi ya mwendo wa kawaida na meno marefu ambayo muda wote yanazunguka bila kazi, ukifika pale kompyuta inafungua vali ya oili, presha ya oili inasukuma vipini vidogo ndani ya roka (vimikono vinavyokandamiza vali), na kuanzia hapo meno marefu ndo yanasukuma vali, zinafunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi, injini inavuta hewa nyingi. Injini ikiwa baridi kompyuta inagoma kufanya hivyo, inasubiri maji yapate joto kwanza, hapo gari haina ubovu.

Umeona kazi yote inafanywa na oili? Basi ukielewa hapo umeelewa matunzo yake yote. Oili ikipungua sampuni, kule chini inakokaa, unaweza ukakanyaga moto mpaka basi na hakuna kitu kinabadilika. Ina kichujio kidogo cha wavu kabla ya ile vali ya oili, kikiziba na masizi ni hivyo hivyo, na kukitoa ukakiosha ni kazi ya nusu saa. Pia kuna boliti mbili zinazoshika shafti za roka, za miaka ya mwanzo zilikuwa zinalika mpaka zinakatika na presha inavujia hapo, Toyota wakatoa boliti zilizoboreshwa, unafungua kava la juu tu unabadilisha. Ukinunua gari badilisha bila kuuliza.

Oili weka 5W-30 ya sinthetiki, inaingia lita 4.4 ukibadilisha na filta, mimi namwaga kila kilomita 5,000 na nachomoa stiki ya kupimia oili kila nikijaza mafuta, maana ukiizungusha sana inakula kidogo. Fundi mmoja Nyakato alikazania niweke 20W-50 eti nzito ndo inalinda injini kwenye joto la huku. Nilimkatalia. Kwa pikapu iliyochoka ya kubebea dagaa sawa, ila hii ina vijitundu vyembamba na oili nzito inachelewa kufika. Na usifike mahali ikakwaruzika ndani, kwa sababu haina slivu za chuma, kuta za silinda ni alumini iliyochanganywa na nyuzi ngumu, kwa hiyo ile habari ya kupeleka bloku ikachongwe uweke pistoni za ovasaizi isahau, utatafuta injini nyingine ya mtumba na hizi hazijazagaa kama 1NZ.

Taiming ni cheni sio mkanda, hapo hakuna presha. Rejeta weka kulanti, maji ya bomba hapana.

Kitu cha kuogopa kweli ni kukosea gia. Ukiwa gia ya tano ukataka nne mkono ukaangukia mbili, magurudumu yanaizungusha injini kupita kiasi na ile limita ya kuzuia injini isizidi kasi haikusaidii kitu, maana yenyewe inakata mafuta tu. Pampu ya oili ndo inapasuka gia zake kwanza, na bila pampu vingine vyote vinafuata.

Ya oto siishauri. Ina gia nne tu, zimeachana mno, ikibadilisha mshale unashuka chini ya 6,000 na utamu unaishia hapo, wakati manyo ya gia sita, kuanzia gia ya tatu kwenda juu, ukiivuta mpaka juu kabisa gia inayofuata inakupokea bado uko kwenye meno marefu. Kama umepata ya oto bora uchukue Allion uokoe na mafuta.

Siku ya kuikagua iache ipate moto vizuri, nenda nayo barabara ya Usagara sehemu iliyo wazi, kilomita hamsini kwa saa za kwenye makazi uziheshimu maana wazee wa tochi, trafiki wa kupima mwendo, hawalali, weka gia ya pili ukanyage mpaka ivuke 6,500. Isipobadilika mlio chomoa stiki palepale, kama oili iko sawa basi ni wavu au boliti, punguza bei. Ila ikitoa moshi wa bluu, mrudishie mwenyewe funguo yake.