Altrasaundi ya shingo ya mtoto, Ngamiani: mkono mzuri, karatasi mbovu

Kliniki hii ya Ngamiani, hapa Tanga, ni ya kusifiwa chumbani na kulaumiwa mapokezini. Kipimo chenyewe hupima ute, yaani majimaji yaliyo chini ya ngozi nyuma ya shingo ya mtoto aliye tumboni, ili kukadiria uwezekano wa kasoro za kromosomu.

Mpimaji hana haraka. Anasubiri mtoto aonekane ubavuni, kidevu kisibane kifua wala kichwa kisirudi nyuma. Kichwa kikirudi nyuma, ute wa nyuma ya shingo huongezeka kama milimita 0.6 za uongo. Kikiinama, hupungua kama 0.4. Anakuza picha mpaka kichwa na kifua vijae kioo, anaweka alama mbili juu ya mistari myeupe, ndani kwa ndani, kisha anapima mara tatu. Huchukuliwa kipimo kikubwa kati ya vilivyo sahihi. Mtoto akilalia utando wa mfuko wa maji, utando na ngozi havitofautiani. Basi mama anaambiwa akohoe, mtoto aruke, viachane. Wapimaji wengi hawajisumbui hivyo.

Mapokezi ndiko kunakoharibu. Kipimo hiki ni cha wiki 11 hadi 13 na siku 6, mtoto akiwa na milimita 45 hadi 84 toka utosini hadi makalioni. Wao wanahesabu miezi: “njoo ukifikisha mitatu na nusu.” Hiyo ni wiki ya 15, muda umeshapita! Nenda na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, udai miadi kwa wiki.

Majibu nayo yanaandikwa “shingo kawaida”, basi. Bila milimita za ute na urefu wa mtoto, daktari hawezi kukokotoa uwezekano wa Down, Edwards wala Patau, kasoro tatu za kromosomu iliyozidi, kwa kuwa ute wa kawaida huongezeka mtoto anavyorefuka. Namba hizo mbili ziandikwe kabla hujaondoka. Ute wa milimita 3.5 na zaidi ni wa kupelekwa kwa bingwa, na moyo wa mtoto uangaliwe. Hata hivyo, wapo wenye ute huo wanaozaliwa salama kabisa.

Wasikwambie kipimo hiki “kinathibitisha”. Kikiunganishwa na umri wa mama na vipimo vya damu yake vya PAPP-A na beta-hCG (protini na homoni ya mimba), hunasa takriban watoto 90 kati ya 100 wenye Down, na mama kama 5 kati ya 100 hutiwa hofu bure. Uthibitisho ni kuchukua kipande cha kondo kuanzia wiki ya 11, au maji ya mimba kuanzia ya 15.

Jinsia hawakwambii siku hiyo. Wasilaumiwe, bado ni mapema.