Kinga ya radi kwa nyumba za Arusha na Moshi: ununue nini kwanza

Masika yakikaribia, ingia duka lolote la vifaa vya umeme Arusha mjini useme, "Kaka, nataka kinga ya radi." Usishangae ukikabidhiwa frijigadi, kile kiboksi cha kulinda friji umeme ukichezacheza. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, lakini kazi yake si radi, na ndiyo maana utakikuta karibu na mkia wa orodha hii.

Kabla hujatoa hela, jua radi inaingiaje nyumbani. Wengi tunaogopa ile inayopiga bati moja kwa moja. Hiyo ipo, inaua na kuchoma nyumba. Ila TV, ving'amuzi na ruta nyingi huungua kwa radi iliyopiga kwingine: kwenye nguzo, kwenye mti ulio jirani na laini, hata ardhini mita mia kadhaa kutoka kwako. Waya wa juu unaudaka mshtuko na kuuleta mpaka kwenye meni switchi. Ukikaa Kibosho au Marangu, ambako laini inapanda mlima ikipita kati ya migomba na miti mirefu, hilo halihitaji maelezo.

Nimepanga kwa swali moja tu: shilingi ya kwanza iende wapi? Bei siandiki, zinacheza na dola.

Namba 1: ethi

Hakuna anayependa kununua ethi, kwa sababu ikishafukiwa haionekani. Lakini vifaa karibu vyote vinavyofuata hapa vinategemea jambo moja, kuukwepesha mkondo uende ardhini. Njia ya ardhini ikiwa mbovu, umenunua mapambo.

Tafuta nondo ya chuma iliyovikwa shaba, unene wa milimita 16 hivi, urefu wa mita 1.2 au 1.5. Zinazouzwa zinafanana kwa macho, tofauti iko kwenye ngozi. Nzuri ina shaba ya kama robo milimita. Mbovu imepakwa rangi ya shaba tu, na baada ya mvua chache inaanza kutu. Omba tupa hapo hapo dukani, kwaruza kidogo karibu na ncha. Chuma cheupe kikitokea kwa mkwaruzo mwepesi, irudishe. Muuzaji akikunja uso, hamia duka la pili. Chukua na kibano chake cha shaba; waya uliozungushwa kwa koleo na kufungwa kwa selotepu si kiungo.

Kisha simama wakati inapigwa. Kuna mafundi ambao nondo ikigonga mwamba wanaikata juu kwa grenda, wanakuachia futi mbili ardhini, na kwa nje kila kitu kinaonekana safi. Udongo wenye unyevu wa vihamba vya Machame unapokea umeme vizuri. Ukija upande wa Kisongo, kwenye ukavu na changarawe, nondo moja mara nyingi haitoshi: piga mbili au tatu, ziachane kwa umbali usiopungua urefu wa nondo, ziunganishwe kwa waya wa shaba. Lengo ni ohm 10 kushuka chini, kiwango ambacho mwongozo wa kimataifa wa IEC 62305 unakipendekeza kwa kinga ya radi. Kinapimwa kwa mashine ya kupima ethi. Maltimita ya kawaida haiwezi kazi hiyo, hata fundi aseme nini. Kumwaga chumvi shimoni kunashusha kipimo kwa muda, halafu mvua inaiosha, na wakati huo chumvi inaila nondo yako.

Namba 2: SPD ndani ya bodi

SPD ni kifaa cha kukinga mshtuko wa ghafla wa umeme, na ndicho ambacho ningependa kila nyumba iwe nacho, na ndicho kisichotajwa kabisa kaunta. Kinafanana na saketi breka, kinapachikwa kwenye reli ile ile ya bodi, na kina kidirisha kidogo: kijani kinafanya kazi, chekundu kimekufa. Umeme ukiwa wa kawaida kinakaa kimya. Ukipanda ghafla kinafungua njia ya ethi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha kinajifunga.

Soma ubavuni. Kwa nyumba ya kawaida inayoletewa umeme kwa nguzo, chukua Type 2, In 20 kA (mshtuko inaoustahimili mara kwa mara), Imax 40 kA (mkubwa kabisa inaoumudu). Up, yaani volti zinazobaki kuingia ndani, isizidi 1.5 kV. Uc, yaani volti za juu kabisa inazovumilia muda wote, ndiyo wengi wanakosea: zenye 275 V ni za bei nafuu, lakini umeme wetu wa 230 V haukai 230, na nyutro ikilegea huko nguzoni unaweza kupanda sana. Chukua 320 V au 385 V. Kwa kuwa nyumba zetu nyingi zinategemea nondo zao zenyewe, chagua ile ya vipande viwili, kimoja kati ya laini na nyutro, kingine kati ya nyutro na ethi. Mara nyingi imeandikwa 1+1. Ya umeme wa fezi tatu ni 3+1.

Ufungaji unaweza kuiua faida yote. Waya kutoka laini hadi kwenye SPD, ukijumlisha na ule wa kwenda kwenye ethi ya bodi, usizidi nusu mita. Fundi akiuzungusha bodi nzima ili upendeze, mshtuko unaingia kwenye TV. Iwekwe na breka yake, na ifungwe baada ya mita ya LUKU. Mita yenyewe ni mali ya TANESCO, isiguswe.

Namba 3: soketi na ekstensheni zenye kinga

Hizi ni za kumalizia kile kilichoponyoka kwenye bodi, hasa kwa TV na kompyuta. Zikiwa peke yake ni dhaifu. Sokoni zimejaa ekstensheni zenye taa nyekundu na maandishi makubwa ya kinga, na ndani hamna kitu zaidi ya hiyo taa. Ikiwa haijachomekwa, fungua skrubu za mgongoni: unatafuta kidude bapa cha duara, cha bluu au cheusi, ukubwa wa sarafu, kati ya waya mbili. Hakipo? Umenunua ekstensheni ya kawaida. Plagi yake iwe ya pini tatu, na soketi ya ukutani iwe na ethi kweli.

Dishi, antena na kamera za nje zina mlango wao wa nyuma. Waya wa dishi hauna habari na bodi yako, kwa hiyo chuma cha dishi kiunganishwe kwenye ethi ile ile ya nyumba. Mwenye sola anahitaji SPD ya DC kwa upande wa paneli. Ile ya AC haifai hapo.

Namba 4: frijigadi na stebilaiza

Zinatibu ugonjwa mwingine: umeme mdogo, umeme mkubwa wa muda, kukatika na kurudi. Frijigadi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme ili kompresa ipumue. Lakini swichi yake ya ndani inahitaji milisekunde kukata, na radi inamaliza kazi kwa mikrosekunde. Nunua, ila usiihesabu kama kinga ya radi.

Namba 5: mlingoti wa paa

Mlingoti unaokoa jengo na watu, TV hauiokoi. Kwa nyumba ya chini iliyobanana na nyingine Njiro au Majengo, hela hiyo iende kwanza kwenye namba 1 na 2. Shule, kanisa, msikiti, loji au nyumba iliyosimama peke yake kilimani, hapo mlingoti unapanda hadi juu ya orodha pamoja na ethi, na bodi inahitaji SPD ya Type 1, ile ya kuhimili radi ya moja kwa moja.

Chukua ncha ya kawaida ya shaba na njia mbili au zaidi za kushuka, zisizo na kona kali, waya usiopungua milimita za mraba 50. Ethi ya mlingoti iunganishwe na ethi ya umeme; zikiachwa mbalimbali, radi inaweza kuruka ndani ya nyumba kutoka moja kwenda nyingine. Vile vichwa vinene vya bei mbaya vinavyodai kukinga mtaa mzima, IEC 62305 haivipi nafasi ya ziada kuliko ncha ya kawaida. Na kichwa cha zamani kilichotolewa kwenye jengo bovu usikinunue kabisa, baadhi vilitengenezwa kwa madini ya mnunurisho, yaani yanayotoa mionzi.

Ya bure ipo: kuchomoa plagi, na waya wa dishi pia, wingu likiwa bado mbali. Ukishasikia ngurumo umechelewa kushika nyaya. Kufunika kioo hakutaiokoa friji, bibi atanisamehe.

Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA na udai risiti ya EFD dukani. Kazi ikiisha, mwambie aandike kipimo cha ethi na tarehe kwa maka peni ndani ya mlango wa bodi. Akisema hana mashine ya kupima, usimmalizie hela mpaka aazime.