Spoila ya kutoboa buti: uzoefu wangu

Hii spoila, lile bawa la kupachika juu ya buti la gari, nimekaa nayo muda wa kutosha sasa, imenyeshewa, imepigwa jua, imeoshwa kwa mashine ya presha, kwa hiyo naiongelea bila ule mzuka wa siku ya kwanza. Ni ya plastiki ya ABS, imekuja na praima (rangi ya msingi) tayari, ina miguu miwili na taa ndogo ya breki katikati, na inafungwa kwa bolti. Maana yake lazima utoboe mfuniko wa buti, na hapo ndo wengi wanaishia.

Za kubandika nilizifikiria. Zile fupi zinazolala kwenye ukingo wa buti, dabo tepu (yenye gundi pande mbili) nzuri kama 3M VHB inazibeba vizuri tu, ilimradi rangi isafishwe kwa spiriti ya isopropili na uiache ishike kama saa 72 kabla ya kuosha gari. Ila hii yangu imenyanyuka, upepo unaikamata, na tusidanganyane, ukishakuwa na spoila kila mtu anafunga buti kwa kushika spoila. Tepu peke yake hapo mi siiamini.

Kwenye boksi kuna bolti, washa, gaskiti za sponji za kukaa chini ya miguu, waya wa taa na karatasi ya kupimia matundu. Hiyo karatasi ndo kitu kibovu kuliko vyote. Matundu yake yalikuwa yamepishana na ya spoila yenyewe kwa milimita kadhaa, bahati nzuri fundi aliilaza kwanza juu ya miguu kabla ya kuipeleka kwenye gari, akacheka, akaiweka pembeni. Akabandika masking tepu chini ya mguu, akaitoboa pale penye matundu, akaihamishia kwenye buti, kisha akapima kutoka ukingo wa kushoto, kutoka wa kulia, kutoka mstari wa katikati, akarudi nyuma kuangalia, akapima tena. Kupima kulikula muda mrefu kuliko kutoboa, na nadhani ndivyo inavyotakiwa.

Kutoboa kwenyewe wala hakutishi. Bati la nje la buti ni jembamba, kwa kawaida halifiki hata milimita moja, kwa hiyo drili inapita mara moja, na shida ni kule inakotokea. Kabla ya yote alivua kava la ndani ya buti akaangalia nyaya zinapita wapi na bati la ndani limekaaje, halafu akazungushia tepu kwenye biti isizame kupita kiasi. Alama akaipiga kwa panchi taratibu sana, ukigonga kwa nguvu bati linabonyea. Akaanza na biti ya milimita 3, spidi ndogo, masking tepu ikiwa bado juu ya rangi, ndo akapanua kwa biti ya ngazi ambayo inaacha tundu la duara safi. Unga wa chuma akaunyonya kwa vakyumu badala ya kufuta na kitambaa, maana kitambaa kinaukokota juu ya rangi unachora mikwaruzo, na ukibaki pale ukapata unyevu unaota kutu na kuacha vidoa.

Sasa hapa ndo naona pesa ya fundi inapoenda. Tundu likishatoboka, ukingo wake ni chuma kitupu, rangi na zinki vyote vimeondoka, na kutu inaanzia hapo halafu inatambaa chini ya rangi usiione mpaka ivimbe. Fundi alipitisha tupa ukingoni, akapaka praima ya kuzuia kutu, akasubiri ikauke, akapaka rangi, akasubiri tena, halafu ndo akaweka silanti, yaani gundi ya kuziba maji yasipite, kuzunguka kila bolti. Na sio silikoni yoyote, ile yenye harufu ya siki inatoa asidi wakati inakauka na inaweza kula chuma, yeye alitumia ya poliyurethane. Maelekezo ya kwenye boksi hayajagusia hata mstari mmoja wa haya, yanasema toboa, funga, furahia! Silanti yenyewe haimo. Kwa bidhaa ambayo kazi yake inaanza na kutoboa gari ya mtu, mimi naona ni uzembe.

Kama buti lako ni la alumini (jaribu sumaku, isiposhika huenda ndo hiyo) kuna jambo la ziada, bolti ya chuma ikigusa alumini huku kuna maji, alumini inaliwa, kwa hiyo weka washa za nailoni katikati.

Bolti zinatosha kukazwa kwa mkono halafu nusu mzunguko hivi na spana. Kuzidi hapo bati linaingia ndani au ile nati iliyomo kwenye mguu wa plastiki inaanza kuzunguka bure na huwezi kuifikia tena. Waya wa taa unapita tundu lake wenyewe, lakini mpira wa kukinga waya usikatwe na bati tulitafuta wenyewe, nao haumo.

Matokeo: tulimwagia maji kwa mpira, buti kavu, na mvua zilizofuata pia kavu. Haipigi kelele. Buti linapanda kivivu kidogo kuliko zamani ila linasimama. Rangi imelingana vizuri, tulipaka kabla ya kufunga, ukiinama utaona tu mshono wa plastiki upande wa chini. Kwenye uendeshaji wa kawaida sijasikia tofauti yoyote na sikuitegemea, hizi zinaanza kuwa na maana spidi ikiwa kubwa sana na zikiwa zimesanifiwa kwa gari husika. Nimeweka kwa ajili ya muonekano.

Spoila naipa nne kati ya tano, vilivyomo kwenye boksi navipa mbili. Na ukija kuitoa, matundu yanabaki, hapo ni kuziba na kupaka rangi mfuniko mzima au kutafuta mfuniko mwingine, kwa hiyo gari ya kukodi au ya ofisi usiiguse kabisa.