Pigo moja la mkononi: uzoefu wangu kwenye klabu ya panga za kale

Naandika huku kidole cha pete cha mkono wangu wa kulia bado hakikunjiki, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwa mkali.

Klabu yenyewe iko kaskazini mwa Uingereza ninakoishi, na nimeshakaa humo mwaka na ushei. Wanafundisha mapigano ya kale ya Ulaya, wenyewe wanayaita kwa kifupi cha Kiingereza HEMA, kwa kufuata vitabu vya mabingwa wa zamani. Mimi nilivutwa na kitabu kimoja kilichoko makumbusho ya Royal Armouries mjini Leeds, cha mwanzoni mwa karne ya 14, kikongwe kuliko vyote vya aina hiyo vinavyojulikana. Kina picha za padri akimfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo, na mwishoni anatokea mwanamke, Walpurgis, upanga mkononi. Nilipomwona nikasema, basi hata mimi nafasi yangu ipo.

Jioni moja ya mvua tulikuwa tunajifunza pigo ambalo Wajerumani wanaliita Zwerchhau. Mwenzio anashusha upanga kutoka juu, wewe unainua mpini usawa wa paji na kumpiga kwa ubavuni mwa kichwa. Polepole, mwalimu alisema, glavu nyepesi zinatosha. Nikapangwa na mzee mmoja wa klabu, mtu wa miaka mingi pale. Mara tatu nilimpata. Ya nne akashusha kwa nguvu zake zote, tena si kichwani tulipokubaliana, bali mkononi.

Nilisikia mlio kama wa mwiko mkavu unapokatika. Upanga ukaniponyoka. Akaniambia, "Ungevaa glavu nzito." Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka pale, ameona kila kitu. Akasema mkono ndio shabaha ya karibu, akapiga makofi, watu wabadilishane wenza. Nikabaki katikati ya ukumbi nimebana mkono kwapani, wenzangu wananizunguka kama nguzo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sanaa hii mlolongo wake ulikatika. Liechtenauer, bingwa wa karne ya 14 tunayekariri beti zake, ameacha mafumbo. Meyer, bingwa mwingine wa upanga, alichapisha kitabu chake mjini Strasbourg mwaka 1570. Aliye hai leo hakurithi kwa babu yake. Wote tunasoma kurasa zilezile, tunajaribu, tunakosea. Sasa mtu anapata wapi kiburi cha kumvunja mwanafunzi mwenziwe kwa sababu kapatwa mara tatu?

Mimi mtu wa Lamu. Nimekulia nikitazama kirumbizi wakati wa Maulidi, bakora kwa bakora, zumari linalia. Wanaume wanashambuliana kwelikweli, lakini nia ni kuonyesha ufundi, na anayepoteza adabu uwanja mzima unamwona. Kule ukumbini hakuna aliyeona kitu.

Nilikuwa niandike tu: msiende. Lakini nitakuwa nimemdhulumu mama mmoja mstaafu anayetunza vifaa. Aliniendesha hadi idara ya dharura, tukakaa mpaka saa saba usiku, ameshika kofia yangu ya wavu mapajani. Wiki iliyofuata akasimama mbele ya watu wote akasema: kuanzia leo anayepokea pigo ndiye anayeamua kasi, na akisema basi, ni basi. Mwalimu alikubali, ingawa macho yalikuwa chini. Tangu hapo wageni wawili wasichana wamejiunga na hawajaondoka. Kwa hiyo nendeni, ila Alhamisi, anaposimamia yule mama.

Hapana, ngoja. Yule bwana hajaniomba radhi mpaka leo. Bado anasimama mstari wa mbele, bado anawasahihisha wageni. Klabu inayomwacha hivyo siwezi kuiita nzuri, hata iwe na sheria mpya ubaoni.

Juzi mwalimu akanipanga naye tena. Nikasema sitaki. Ukumbi ukanyamaza. Yule mama akavaa kofia yake, akaja akasimama mbele yangu, akauliza, "Kasi gani, binti yangu?" Nikamwambia polepole kabisa. Tukafanya Zwerchhau mpaka taa zikazimwa, na usiku ule kidole kiliniuma hadi alfajiri. Ada ya mwezi ujao nimeshailipa.