hwloc: maktaba ya kuhesabu viini vya prosesa, na mahali inapoishia

Programu ikitakiwa kukimbia kwenye Linux, macOS na Windows kwa pamoja, swali la mashine ina viini vingapi huwa gumu ghafla. macOS hujibu kwa `sysctl -n hw.physicalcpu`. Linux ina `nproc`, ila hiyo huhesabu nyuzi (njia za kazi ambazo kiini kimoja huweza kuendesha kwa pamoja) ambazo programu imeruhusiwa kutumia, na hutii hata kigezo cha mazingira `OMP_NUM_THREADS`. Windows ndiyo yenye mtego: `GetSystemInfo` huona kundi moja tu la prosesa, na kundi halizidi nyuzi 64, kwa hiyo seva ya nyuzi 128 huonekana nusu.

hwloc huondoa mateso hayo yote. Ita `hwloc_topology_init`, kisha `hwloc_topology_load`, halafu `hwloc_get_nbobjs_by_type` ukiipa `HWLOC_OBJ_CORE` kwa viini halisi au `HWLOC_OBJ_PU` kwa nyuzi. Prosesa ya viini 8 vyenye nyuzi mbili kila kimoja itatoa 8 na 16. Ukipata 0 kwenye viini, mfumo haukuvitaja; tumia hesabu ya PU. Tangu toleo la 2.4 hutenganisha pia viini vya kasi na vile vya kubana umeme, jambo ambalo namba moja tupu haliwezi kulieleza.

Udhaifu wake uko kwenye kontena, yaani programu iliyotengwa na kuwekewa mipaka ya rasilimali. Viini vilivyozuiwa kwa cpuset (orodha ya viini vinavyoruhusiwa) huviondoa yenyewe, lakini mgawo wa muda wa prosesa haiuoni. Faili `/sys/fs/cgroup/cpu.max` ikisema `200000 100000`, una haki ya prosesa 2 tu, hata kama hwloc inakutajia 64. Ukianzisha nyuzi 64 za programu zenye kazi nzito, mgawo unaisha mapema katika kila kipindi cha milisekunde 100, zote zinasimamishwa hadi kipindi kijacho, na majibu yanachelewa huku seva ikionekana haina kazi. Soma faili hiyo mwenyewe, gawa namba ya kwanza kwa ya pili, kadiria kwenda juu. Ukikuta neno `max`, hakuna kikomo.

`taskset`, amri ya Linux inayofunga programu kwenye viini vichache, nayo haipunguzi hesabu ya hwloc. Chukua `hwloc_get_cpubind` kisha `hwloc_bitmap_weight`, na kati ya namba ulizonazo shika iliyo ndogo.

Kwa hati ya kujenga programu inayotafuta tu namba ya kuipa `make -j` (idadi ya kazi za kuendeshwa kwa pamoja), hwloc ni mzigo wa bure. `getconf _NPROCESSORS_ONLN` inatosha kwenye Linux na macOS.