Hedifoni za gemu: stereo au saraundi, na ipi ununue kwanza

Namba "7.1", alama ya saraundi, yaani sauti inayokuzunguka pande zote, iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi huwafanya wengi walipe zaidi kwa kitu ambacho huenda tayari wanacho. Kabla ya kulinganisha bei, elewa kwanza sikio linavyofanya kazi.

Sauti ikitokea kulia kwako, hulifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti hiyo haizidi milisekunde 0.7 hivi, lakini ubongo unaisoma. Kwenye sikio la kushoto sauti hufika ikiwa imefifia kwa sababu kichwa kimeikinga. Mikunjo ya sikio nayo huibadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka, na hapo ndipo unapojua kama ni mbele, nyuma au juu. Kwa hiyo huhitaji spika saba kichwani. Unahitaji mawimbi mawili yaliyoandaliwa vizuri, moja kwa kila sikio, na kuyaandaa ni kazi ya programu.

Ndiyo maana hedifoni nyingi zinazouzwa kwa jina la saraundi ni stereo ukizifungua: kispika kimoja kila upande. Programu yake hupokea chaneli nane kutoka kwenye gemu, saba za pande zote na moja ya besi, kisha huzikunja ziwe mbili. Windows 10 na 11 zinakuja na Windows Sonic inayofanya kazi hiyohiyo bila malipo. PlayStation 5 huchakata sauti ya 3D yenyewe na kuipeleka hata kwenye hedifoni za simu ulizochomeka kwenye padi. Valorant ina swichi ya HRTF, yaani uchakataji huohuo, kwenye mipangilio yake ya sauti.

Kinachoharibu mambo ni kuwasha vyote kwa pamoja. Adui anatembea nyuma yako kushoto. Gemu imeshaiandaa sauti ya hatua zake kwa ajili ya masikio mawili. Windows Sonic inaipokea na kuiandaa tena, halafu programu ya hedifoni inaiandaa mara ya tatu. Hatua zinasikika kama zimo ndani ya bomba, mbele na nyuma vinachanganyika, unageuka upande usio wake. Acha mchakataji mmoja tu. Kama gemu ina HRTF yake, iwashe, chagua hedifoni au stereo ndani ya gemu, kisha zima Windows Sonic na 7.1 ya hedifoni. Kama gemu haina, fanya kinyume: ndani ya gemu chagua 7.1, uache Windows au hedifoni ifanye kazi hiyo, si zote mbili.

Sasa chaguo zenyewe, kuanzia bora.

1. Stereo ya waya, iliyofunikwa, yenye pini ya 3.5 mm. Hii ndiyo ya kununua kama huna sababu maalumu ya kununua nyingine. Pesa yako inaingia kwenye vispika, mito ya masikio na maiki badala ya namba kwenye boksi, na inafanya kazi kwenye kompyuta, padi za PlayStation na Xbox, Switch na simu yenye tundu. Angalia haya:

- Pini iwe na pete tatu nyeusi. Pete mbili maana yake hakuna njia ya maiki. Kompyuta yenye matundu mawili, la kijani na la waridi, itahitaji waya wa kugawa njia mbili. Bila huo utawasikia wenzako lakini wao hawatakusikia.
- Ukinzani uwe kati ya Ohm 16 na 64. Ya Ohm 250 ukiichomeka kwenye padi itasikika kwa mbali hata ukifungulia sauti yote, kwa sababu inataka amplifaya.
- Uzito usizidi gramu 300 sana. Gramu 380 hazisumbui dakika kumi za kujaribu dukani. Saa tatu baadaye utazisikia utosini na shingoni.
- Waya uwe wa kuchomoa. Waya hukatika kwa ndani pale unapopinda karibu na pini, na ukiwa umeunganishwa moja kwa moja, hedifoni nzima inakuwa mbovu.

Usibabaishwe na kispika cha 50 mm dhidi ya 40 mm. Ukubwa peke yake hausemi lolote kuhusu ubora. Besi ndiyo ya kuchunguzwa: ikizidi, mlio wa bomu unafunika hatua za mtu na mlio wa kubadilisha risasi, sauti ndogo ambazo ndizo ulizonunulia hedifoni. Cheza rekodi ya mtu anayeongea. Kama anasikika kama yuko ndani ya pipa, iache. Mvaa miwani aijaribu akiwa na miwani, kwa kuwa fremu huinua mto, mwanya unatokea na besi inavuja.

2. Stereo ya mgongo wazi pamoja na maiki ya pembeni. Vikombe vyake vina matundu nyuma, hivyo sauti haijibani na masikio hayatoki jasho sana. Kwa kupambanua umbali na upande, nyingi hushinda zilizofunikwa. Haijashika nafasi ya kwanza kwa sababu moja tu: feni, televisheni na watoto wanaingia, na gemu yako inatoka. Kama chumba chako ni kimya na uko peke yako, ipandishe juu.

3. Stereo isiyo na waya, yenye kipokezi cha USB cha 2.4 GHz. Ucheleweshaji wake ni mdogo kiasi kwamba wengi hawautambui. Bluetooth ni habari nyingine: mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100, kwa hiyo unaona risasi kwanza ndipo unaisikia, na kwenye kompyuta mara nyingi ukiwasha maiki yake sauti yote inashuka hadi ubora wa simu ya mezani. PlayStation 5 na Xbox hazipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth kabisa. Soma kwenye boksi ni konsoli gani imetajwa, maana kipokezi cha PlayStation hakitafanya kazi kwenye Xbox. Sauti ikikatikakatika, sogeza kipokezi mbali na matundu ya USB 3 kwa waya wa nyongeza wa mita moja. Vifaa vya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo.

4. Hedifoni ya USB yenye 7.1 ya programu. Inunue kama tundu la sauti la kompyuta yako lina mvumo au limekufa, kwa sababu ina kadi ya sauti yake. Usiinunue kwa ajili ya 7.1. Programu yake mara nyingi ni ya Windows tu. Ukiihamishia kwenye konsoli inayoikubali, inarudi kuwa stereo.

5. Saraundi ya vispika vingi ndani ya kila kikombe. Vispika hivyo lazima viwe vidogo ili vienee, besi inakonda, uzito unaongezeka, na vyote viko sentimita chache kutoka sikioni, kwa hiyo hisia ya umbali haiji. Usinunue.

Saraundi ya programu ina mahali pake. Kwenye gemu za hadithi, mvua na upepo vikikuzunguka, inapendeza kweli. Kwenye muziki izime, inaongeza mwangwi na kuikondesha sauti ya mwimbaji.

Ukifika nayo nyumbani, siku hiyohiyo cheza jaribio la kushoto na kulia, kwa sababu ukiivaa kinyume pande zote za gemu zinageuka. Rekodi maiki yako sekunde 30 uisikilize. Kisha tikisa waya taratibu karibu na pini sauti ikiwa inaendelea. Upande mmoja ukikatika hata mara moja, irudishe ingali na risiti.