Gurudumu la kurithisha wajukuu limenivunjikia Msabaha

Sina kawaida ya kuanika malalamiko mbele za watu. Lakini hili limenikaa kooni, na kila nikipita karibu na lile duka damu inanichemka upya, basi wacha niliseme liishe.

Mimi ni mwalimu. Nakaa Maweni, nafundisha upande wa Msabaha, na ni baiskeli inayonipeleka na kunirudisha kila siku ya Mungu. Baiskeli yenyewe ni ya mbio, ya mtumba, fremu ya chuma, imeshuka na meli Mombasa kama zinavyoshuka nyingine. Fremu haina neno. Shida ilikuwa rimu. Breki zangu ni zile za mpira zinazobana rimu yenyewe, na mchanga wetu wa Malindi ukichanganyika na maji ya mvua unageuka msasa. Zilikuwa zimeliwa mpaka ukipitisha kidole unahisi bonde. Rimu ikifika hapo, siku yoyote inaweza kupasuka na tairi imejaa upepo, nami sikutaka nipasukiwe na lori liko nyuma yangu.

Basi nikaingia duka moja pale mjini. Silitaji jina. Kijana wa dukani siku hiyo alikuwa asali tupu: karibu mwalimu, karibu dada, keti. Akaniletea jozi ya magurudumu meusi, yanang'aa, spoki bapa kama wembe, 20 mbele na 20 nyuma. Nikamwambia wazi, tena si mara moja: mie nabeba madaftari ya darasa zima kwenye keria, na mwili wangu si wa kupeperushwa na kaskazi, haya yatanihimili? Akayapigapiga mkono, akasema, "Haya mwalimu utarithisha wajukuu." Nikatoa shilingi 9,500. Kwa mshahara wangu hiyo si pesa ya kuchezea.

Muhula haukuisha.

Ilikuwa asubuhi, kusi imeshaanza kuvuma, kabla ya likizo ile ya katikati ya mwaka au hapo karibu. Karatasi za mtihani ninazo mimi kwenye keria. Sikupiga shimo, sikupanda tuta, nataka hilo lieleweke. Lami nyoofu. Nikasikia "tang!" kama uzi wa gitaa umekatika, na gurudumu la nyuma likaanza kucheza ngoma. Zamu ya kwanza likagonga breki, ya pili likagonga fremu, ya tatu likakwama kabisa, nikaruka chini mguu mmoja. Spoki moja tu. Moja! Ila ukiwa na 20, kila moja imebeba karibu mzigo wa mbili, na ikikatika linabaki pengo ambalo rimu inalifuata upande mzima. Hata nilipofungua breki ili lipite, halikuzunguka. Nikaweka baiskeli begani, karatasi kifuani, nikatembea mpaka bodaboda mmoja akanihurumia. Watoto walikuwa wamekaa wananingoja, kalamu mikononi.

Hayo ningeyasamehe. Chombo ni chombo, huvunjika. Nisichosamehe ni cha jioni yake.

Nimerudi dukani na gurudumu mkononi, nimechoka, nguo ina grisi. Nikatoa salamu. Kijana yule yule, macho kwenye simu, hakuitika. Nikatoa tena. Akainua kichwa, akalitazama gurudumu, akanitazama mimi kutoka juu mpaka chini, taratibu, na dukani kuna wateja wanne watano wamesimama. Akasema, "Mama, haya ni ya vijana wa mazoezi. Mwili wenyewe huu na mizigo juu, ulitaka yafanye nini? Tafuta Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo." Mmoja wa wateja akacheka.

Niliingia humo nikiwa dada na mwalimu, siku ya kulipa. Siku ya kudai nikawa mama mwenye mwili. Nilitetemeka hata maneno yakanipotea, nikatoka.

Nilipofika nyumbani nikaandika moyoni hukumu yangu: nyota moja, na hiyo moja kwa sababu haiwezekani kutoa sufuri. Yale magurudumu ni takataka, msinunue.

Sasa nafuta hapo kidogo, kwa sababu haki ni haki.

Kesho yake nilimpelekea mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mkungu huko Kisumu Ndogo. Shikamoo, marahaba mwanangu, leta tuone. Hakuuliza nina kilo ngapi. Alichukua ile spoki iliyokatika, akanionyesha ilipokatikia: pale inapopinda kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, upande wa cheni. Kisha akaanza kugusa zilizobaki kwa ukucha, moja moja, sikio karibu, kama mpiga udi anayetafuta sauti. Nyingine zililia juu, nyingine zilitoa mlio wa kamba ya nguo. "Hili halijakazwa na mtu," akasema. "Limetoka kwenye boksi likaingia barabarani." Akaokota kipande cha waya, akakipinda huku na huku mbele yangu mpaka kikakatika. Ndivyo spoki iliyolegea inavyokufa: kila mzunguko inalegea na kuvutika, inalegea na kuvutika. Uzito huiharakisha tu. Na ya upande wa cheni ndiyo mara nyingi hutangulia, kwa sababu gia zimechukua nafasi, spoki za upande huo zimesimama wima zaidi na lazima zivutwe kwa nguvu kuliko za ng'ambo.

Akajaribu kuliokoa. Akatia spana kwenye kile kikofia kinachokaza spoki, akazungusha kidogo, kikofia kikavunjika vidoleni. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Vilikuwa vya alumini, na chumvi ya bahari yetu imeshavila kwa miezi michache tu. Mtu anayeuza magurudumu Malindi, duka lake linasikia mawimbi, hajui hilo?

Hapo ndipo hasira iliporudi mara mbili. Kumbe gurudumu halikuwa takataka. Ni gurudumu jepesi la mtu wa mashindano, aliye na fundi wake, anayekaa mbali na bahari. Kijana alisema kweli aliponiambia ni ya vijana wa mazoezi! Basi alijua. Alijua siku ile ninapomhesabia noti, nikiwa nimemweleza madaftari na mwili kwa mdomo wangu, na akanitajia wajukuu.

Mzee akaniambia nitafute rimu ya alumini yenye kuta mbili na matundu 36, spoki za duara za chuma kisichoshika kutu, vikofia vya shaba. Habu alikuwa nayo, imetoka kwenye baiskeli ya milimani, pana kuliko yangu kwa milimita 5, lakini fremu ya chuma huvumilia kutanuliwa kiasi hicho. Rimu nikaiagiza Mombasa, ikaja na basi, ikaja siyo! Nilisema saizi "28", wakanitumia ile 28 ya Black Mamba, ambayo ni milimita 635 pale tairi linapokaa. Yangu ni 622. Tairi ilikataa kata kata. Kwa hiyo usiseme 28 kwa mtu. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi lako, hiyo ya tarakimu tatu, uitaje hiyo.

Na mzee naye, sitamsifu mpaka nidanganye. Kesho, kesho kutwa, njoo Jumatatu. Wiki tatu nzima nilipanda matatu nikinuna. Siku moja nilimkuta anacheza bao na gurudumu langu limening'inia mtini kama kuku wa kuchinjwa. Nilikaribia kumwambia neno.

Lakini siku alipolisuka nilikaa nikatazama, na hasira ikanitoka. Kila spoki inapishana na tatu. Anakaza robo zamu, anazungusha, anatazama, anakaza tena. Pale mtu angedhani limeisha, akazishika spoki mbili mbili akazibana kwa viganja kwa nguvu zake zote, zikalia tiki, tiki, zikakaa mahali pake, akaanza kunyoosha upya tangu mwanzo. Alifanya hivyo mara tatu. Ufundi 1,500. Pamoja na vifaa vyote, 6,800. Chini ya nilichoporwa.

Nimelipanda mvua na jua, madaftari yote juu, na mara moja na mfuko wa unga. Halijayumba. Lina uzito, ndiyo, nikianza mwendo nalihisi miguuni, na anayetaka kasi hatalipenda.

La mbele la yule kijana bado ninalo. Halina gia, spoki zake zimevutwa sawa pande zote mbili, mzigo wa keria hauko juu yake, na mpaka leo linazunguka kama maji. Sijui nilipe nyota ngapi, inaniuma kulisifu. Juzi nimempelekea mzee alitazame. Ameligusa spoki zote 20 kwa ukucha, akabadilisha vikofia vinne, akasema niliache lifanye kazi. Nimeliacha. Ila nikikaribia pale Msabaha napunguza mwendo, nasikiliza.